Filamu Iliyochangiwa Kama Harusi

Mchango wa mwisho kuingia kwenye ukurasa wao wa mtandaoni ulitoka kwa shangazi yake Suhaila aliyeko Maskati, na kabla ya huo uliingia mmoja wa mtu aliyejiita Mpenda Sanaa. Wote walimfurahia sana huyo Mpenda Sanaa, mpaka Jenifa alipomtazama Ayubu na kumwona anajichekea peke yake.

"Ayubu, Mpenda Sanaa ni wewe."

"Nilitaka ukurasa usionekane mtupu," Ayubu akasema. "Mtu akikuta hakuna aliyetoa, naye hatoi."

"Kwa hiyo tumechangiwa na shangazi yangu na mpiga picha wetu wenyewe," Suhaila akasema, akaifunika simu kifudifudi juu ya meza.

Ofisi yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake Suhaila, Makorora, na kampuni nzima ilikuwa watu watatu. Suhaila aliandika na kuongoza, Ayubu alishika kamera, Jenifa alihariri na pia ndiye aliyewapaka poda waigizaji. Walijiita Ukuta Filamu, kwa sababu kazi yao ya kwanza waliionyesha kwenye ukuta wa jirani. Ukuta ule ulikuwa na ufa, na ufa ukapita katikati ya uso wa kila mwigizaji tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walipiga makofi hivyo hivyo.

Filamu ya sasa iliitwa Sinia la Marehemu. Ilikuwa habari ya dada wawili waliogombania sinia la shaba la mama yao baada ya mazishi, wakanuniana miaka mingi na huku wanaishi mlango kwa mlango. Karibu yote ilikwisha pigwa. Lilibaki tukio moja tu la mwisho: harusi ya mjukuu, watu wamejaa uani, na wale dada wawili wanakalishwa mbele ya sinia lilelile na kula pilau pamoja. Tukio hilo lilitaka turubai, pilau, watu na kamera. Kamera ilikuwa ya Wilfred wa Usagara, anayepiga video za harusi, na Wilfred alisema kwa upole, lakini alisema, kwamba safari hii alipwe kwanza. Tena Bi Saleha, aliyeigiza dada mkubwa, alikuwa anaondoka wiki ijayo kwenda Maramba kwa binti yake aliyekaribia kujifungua. Akishafika kule kulea, nani ajuaye atarudi lini.

"Akiondoka, filamu haina mwisho," Suhaila akasema. "Na nani atakaa kutazama filamu isiyo na mwisho?"

Mama yake, Bi Mwanakhamis, alikuwa amekaa kizingitini anachagua mchele. Alikuwa na desturi ya kusikiliza bila kuinua uso.

"Hao mnaowaomba ni akina nani?" akauliza.

"Watu wote, mama. Ukurasa wetu unaonekana dunia nzima."

"Dunia nzima inakujua wewe?"

Suhaila akaigeuza simu, akaichungulia, akaifunika tena.

"Nauliza tu, mwanangu," mama akasema, akapuliza makapi kwenye ungo. "Mimi nikitaka kuchangiwa huanza na wanaonijua."

* * *

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri wanawake wa mtaa walikutana barazani kwa Bi Tuhfa. Bi Tuhfa aliletwa Tanga bi harusi kutoka Wete, sasa ni bibi wa wajukuu, lakini Upemba wake haukumtoka mdomoni. Alikuwa na ulimi mkali, na hapo hapo ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi mtu akiugua. Yeye ndiye mkubwa wa kikundi, na kazi ya kikundi ilikuwa moja: mwenzao akiwa na harusi ya mtoto, wote humchangia, na siku yao ikifika naye huwarudishia.

Bi Mwanakhamis alichangia harusi za mtaa ule tangu Suhaila hajazaliwa. Alipokuwa nacho alitoa, na alipokosa alikwenda na mikono yake, akamenya viazi na kukesha kwenye masufuria. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchangiwa hata mara moja, maana mtoto wake ni huyo mmoja, na huyo mmoja hajaolewa. Kwa hiyo mchango wake wote ulikuwa bado uko mikononi mwa majirani, unaisubiri siku ya Suhaila. Yeye anajua na wao wanajua.

Alhamisi ile alivaa baibui lake zuri. Walipomaliza kusalimiana na chai kumiminwa, akasema kwamba ana jambo.

"Nimekuja kuomba mchango wa Suhaila."

Baraza zima likapiga vigelegele. Bi Tuhfa akaweka kikombe chini.

"Alhamdulillahi! Na we umenyamaza kimya siku zote hizi, shoga! Bwana harusi kijana wa nani?"

"Hakuna bwana harusi. Ni filamu yake. Imebaki kipande kidogo cha mwisho, na fedha hazikutimia."

Vigelegele vikafa. Kisha mtu wa pembeni akaguna, mwingine akacheka, na Bi Tuhfa akakunja mikono kifuani.

"Kumbe filamu ndo inoolewa!"

"Na kungwi wake nani?" akadakia mwingine.

"Kungwi wake Ayubu! Hamkumwona anavyoiangalia ile kamera?"

"Mahari yake betri!"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Bi Mwanakhamis naye akatabasamu, kama mtu anavyotabasamu akipigwa kofi la mzaha ambalo limemuuma, akawa anaitazama mikono yake. Kati ya wote waliokuwapo ni Bi Samiha peke yake, aliyeigiza yule dada mdogo kwenye filamu, ambaye hakucheka. Alikisukuma kisahani cha kashata, taratibu, mpaka kikafika mbele ya Bi Mwanakhamis.

"Haya, tumecheka," Bi Tuhfa akasema mwishowe. "Sasa nskilize, shoga yangu, mie n'nakupenda. Mchango ni wako, hakuna anokunyima. Lakini kwetu mtoto mmoja huchangiwa harusi moja. Ukiutaka leo tutautoa, tutakuja, tutakula, na ndo umekwisha. Siku Suhaila akiolewa usije ukanigongea mlango. Wala mie, wala mwenzangu yeyote hapa. Umenelewa?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Waliokuwa na mabinti waliwaza mabinti wao. Harusi bila mchango maana yake ni mwali kutolewa kwa chai na vitumbua, na mama kusikia maneno nyuma ya mgongo wake maisha yake yote.

Bi Mwanakhamis alichukua kashata moja, akaivunja, hakuila.

"Harusi yake siijui ni lini," akasema. "Hii kazi yake naijua. Ni wiki ijayo."

* * *

Suhaila alidhani simu yake imeharibika. Iliita tangu asubuhi, kila ikiita ni mchango, na majina yote ni ya mtaani. Mara mtoto wa jirani akaleta galoni ya mafuta ya kupikia, mara bajaji ikashusha masufuria mawili makubwa ya kikundi. Jenifa akapokea karoti, vitunguu na kuku watatu waliofungwa miguu, ambao mmoja alifunguka na kuingia chini ya meza ya kuhariri.

"Mama, hawa watu wameuona ukurasa wetu?" Suhaila akauliza.

Kabla mama hajajibu, baiskeli iliegeshwa ukutani kwa kishindo na mjomba Mselem akaingia. Mselem ni mdogo wake Bi Mwanakhamis, fundi baiskeli, na alikuja na grisi yake mikononi bila kunawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Na hiyo ndiyo shikamoo ya mwisho, maana kesho sitakuwa na uso wa kuonyesha watu. Dada, ni kweli niliyoyasikia kwenye kijiwe cha kahawa?"

"Inategemea uliyoyasikia," Bi Mwanakhamis akasema.

"Kwamba umetoa harusi ya mtoto huyu ukaipa kamera!"

Ndipo Suhaila akajua. Alimtazama mama yake, akamtazama kuku chini ya meza, akakaa.

"Mama. Umeomba mchango wangu wa harusi?"

"Nimeomba mchango wangu. Ni mimi niliyekuwa nikichanga."

"Lakini mimi sikukwambia uombe! Wamesema nini? Walicheka?"

"Walicheka kidogo."

Hilo neno kidogo ndilo lililomliza Suhaila. Aliwajua wale kina mama, na alimjua mama yake asivyopenda kuomba hata chumvi. Alilia akijipangusa na ncha ya mtandio. Ayubu, asijue afanye nini, akamwinua yule kuku na kumkumbatia.

"Rudisheni vyote," Suhaila akasema. "Leo hii. Filamu ibaki hivyo ilivyo."

"Sasa unaongea maneno ya akili," mjomba akasema.

"Mselem, nyamaza. Nyote nyamazeni," Bi Mwanakhamis akasema, na kwa kuwa hakuzoea kusema hivyo, walinyamaza. "Mwanangu, mimi nimekaa jikoni kwa harusi za watoto wa watu, usiku hata asubuhi, nikifikiri, na yangu itafika siku. Wiki iliyopita nikakuona hapo umefunika simu yako mezani. Uso wako ulikuwa kama wa mwali aliyeachwa siku ya harusi. Nikasema, siku yenyewe si hii? Nangoja nini?"

"Na nikiolewa?"

"Utaolewa kwa chai. Nitaipika nzuri, nitatia iliki."

Jenifa akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Suhaila naye akacheka hali analia.

Mjomba Mselem hakucheka. Alisema kwamba yeye upuuzi hauchangii, asihesabiwe, asiitwe, na siku hiyo atakuwa na kazi dukani. Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Saa moja baadaye mkokoteni ukaja umejaa kuni kavu zilizopasuliwa vizuri, na mwenye mkokoteni alipoulizwa zimetoka kwa nani akasema ameambiwa aseme hajui.

* * *

Suhaila alipanga kila kitu. Aliomba watu wachache tu, wa kukaa nyuma na kuonekana kwa mbali. Pilau ingeandaliwa, ingewekwa mbele ya watu bila kuliwa, Ayubu angepiga upande huu, angezunguka apige upande ule, na mwisho kabisa ndipo dada wawili wangekula. Bi Saleha na Bi Samiha waliambiwa wasiguse chakula tangu asubuhi, ili ulaji wao uwe wa kweli. Walikaa kivulini wamepakwa poda, wametulia kama watoto wa madrasa, wanasikia harufu tu.

Lakini aliyechanga huja. Hakuna aliyewaambia wasije, na kama wangeambiwa wasingeelewa. Baada ya sala ya adhuhuri walianza kuingia kwa makundi, wanawake katika sare ya kanga walizokwisha kununua na kukubaliana rangi, na matari mikononi. Wanaume walivaa kanzu, na mbele yao alikuwa mjomba Mselem, aliyekuwa na kazi dukani. Uani hapakutosha, turubai likasogezwa mpaka barabarani. Wilfred wa Usagara alikuja kuiangalia kamera yake, akaona watu wale, akaenda kuchukua taa zake mbili akazileta, wala hakusema habari ya malipo.

Waliimba, walicheza, walimtunza bi harusi wa filamu kana kwamba ni wa kweli, mpaka msichana aliyeigiza akaanza kuona haya na kulia, jambo ambalo Suhaila hakumwagiza na lilimfaa sana. Kwenye masufuria alisimama Bi Tuhfa na upawa wake. Mchango wake aliutoa siku ya kwanza, kamili, kisha akaja kupika, maana hakumwamini mtu mwingine kwa bizari.

"Haya, wekeni masinia!" Suhaila akaita. "Wekeni tu, msile kwanza!"

Masinia yakashuka. Watu wakanawa, wakasema bismillahi, wakala.

"Jamani! Subirini! Ayubu hajaweka taa!"

"Tusile?" akauliza mzee mmoja, tonge liko njiani. "Harusi ya wapi hii?"

"Ni filamu, babu!"

"Najua. Endelea na kazi yako, mwanangu, sisi hatukusumbui."

Suhaila akapaza sauti, "Kata!" akarudia tena. Hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa na njaa, kama watu wanavyokwenda harusini na njaa yao makusudi, na pilau ya Bi Tuhfa haikuwa ya kuangaliwa. Ayubu alifungulia kamera, akapita katikati yao akiwapiga wanavyokula, kwa kuwa hakuwa na la kufanya jingine. Mjomba Mselem alipatikana akinyonya mfupa wa paja, macho ameyafumba. Bi Tuhfa aligawa na kugawa, sahani za nyuma zikaletwa mbele, za barabarani zikapelekwa barabarani. Alipoinua upawa mara ya mwisho ulitoka mtupu.

Suhaila alikwenda nyuma ya nyumba kwenye mafiga, akachungulia sufuria la kwanza, akachungulia la pili. Pilau ya dada wawili haikuwepo. Fedha ilikwisha. Bi Saleha alikuwa anasafiri asubuhi. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akashika kichwa, na akawaza kwamba mama yake ametoa mchango wa maisha yake ili watu washibe na filamu ikose mwisho. Bi Mwanakhamis alimfuata. Alimletea kikombe cha maji, akasimama karibu naye amwekee kivuli.

Bi Saleha naye akainuka huko alikokaa.

"Samiha, mie njaa inaniuma," akasema. "Nimekaa na poda usoni tangu asubuhi, pilau napitishiwa mbele ya pua. Huko chini hakukubaki hata ukoko?"

Wakaenda wote wawili kwenye sufuria kubwa. Bi Saleha akaomba upawa, akaingiza mkono mpaka begani, akakwangua. Ukoko ukabanduka kipande kizima, wa hudhurungi, unameremeta mafuta, umeshikamana na viazi vilivyokaangika kama karanga.

"Lo! Kama wa mama," Bi Samiha akasema.

"Wa mama ulikuwa unapewa wewe," Bi Saleha akamjibu. Walikuwa wamekaa miezi yote ile wanaigiza udada na ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikwisha wazoea, hata nje ya kamera ulitoka wenyewe. "Kila siku wewe. Mimi ndiye niliyekuna nazi, wewe unapewa ukoko."

"Nilipewa kwa kuwa nyama ulikwisha kula jikoni, dada, umejibanza nyuma ya mlango. Nilikuwa nakuona."

"Ulikuwa unaniona?"

"Siku zote."

"Na hukusema kwa mama?"

"Ungepigwa."

Bi Saleha akauvunja ule ukoko vipande viwili. Kimoja kilitoka kikubwa. Alivitazama vyote viwili, kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa, kisha akampa mwenzake kile kikubwa.

Ayubu alikuwa amefika nyuma yao na kamera, hapumui. Pale nyuma palikuwa na giza la moshi, na Jenifa, ambaye hakupata muda wa kukimbilia taa, alinyakua lile sinia la shaba la filamu, lililokuwa bado halijatiwa pilau, akalielekeza juani, na mwanga wake ukawaangukia wale wazee wawili usoni wakitafuna. Bi Tuhfa, aliyekuwa hajala tangu alfajiri, alinyoosha mkono apate japo kipande cha ukoko. Ayubu akampungia kwa wasiwasi arudi nyuma, asije akaingia kwenye picha. Akarudi. Alikunywa maji, akajifunga kanga upya.

Suhaila aliinuka kwenye ndoo taratibu. Hakusema "kata". Aliogopa hata kulisema.

* * *

Kuhariri kulimchukua Jenifa siku nyingi, na umeme uliwakatikia mara nyingi pia. Siku ilipotimia walitandika mikeka uani, wakafunga kamba na kutundika shuka jeupe la kitanda cha Bi Mwanakhamis, lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Wilfred aliwaazima projekta. Bi Saleha alikuja kutoka Maramba na mkungu wa ndizi na habari ya mjukuu wa kiume. Watu walipotoka kusali isha wakaja moja kwa moja, na waliochanga wakakaa mbele, kwa haki.

Bi Mwanakhamis alikaa nyuma karibu na mlango, mahali pa mtu anayetaka kuondoka bila kuonekana mambo yakiharibika. Alikuwa ameisikia filamu hii ikitajwa kila siku na hajaona hata kipande. Alichokuwa akikitazama ni migongo ya watu.

Migongo ilikaa kimya. Dada wawili walipogombana kwenye shuka, watu walivuta pumzi. Walipopitana njiani bila salamu, mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Aibu yao!" na Bi Samiha, aliyekuwa amekaa jirani yake, akamwambia, "Samahani." Kisha ikaja harusi, na hapo uani pakawa hapasikiki neno la filamu, kwa kuwa kila mtu alikuwa anajitafuta na kumwonyesha mwenziwe. Halafu ukaja ukoko.

Bi Saleha wa kwenye shuka alipouvunja na kuvipima vile vipande viwili, Bi Tuhfa aliinuka mkekani. Alifungua ncha ya kanga yake. Akaanza kwenda mbele kwa mwendo wa madaha, bega hili, bega lile, kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu, akafika kwenye shuka akachomoa pini ya mtandio wake na kuibana noti pale pale kwenye mkono wa Bi Saleha unaotoa kipande kikubwa.

"Bi Tuhfa, picha inakuangukia mgongoni!" Jenifa akalia. "Hatuoni!"

Lakini wa pili alikwisha inuka, na wa tatu. Wakapanga mstari wakicheza, vigelegele vikapanda, noti zikabandikwa kwa pini, kwa vibanio vya nguo, nyingine kwa mate. Mwisho wa filamu ulipita wote juu ya migongo ya wanawake na hakuna aliyeuona. Suhaila alisimama karibu na projekta, ameshika mashavu yake kwa mikono miwili.

Walipochoka, Bi Tuhfa akageuka akamtafuta Bi Mwanakhamis kwa macho mpaka akampata kule mlangoni.

"Shoga! Mbona umejificha? Njoo hapa. Hii niliyobandika ni tunzo, siyo mchango. Mchango ni mwingine."

"Mchango ulikwisha, Bi Tuhfa," Bi Mwanakhamis akasema toka pale alipo. "Tulikubaliana. Mkitoa mkala, basi."

"Tulikubaliana vo hivo, na mie sivunji neno. Tukila. Mie nlikula lini?" Akawageukia watu. "Kuna mtu alioniona nnakula siku ile? Nlipika, nligawa, nkaambulia moshi. Hata ukoko Ayubu alinifukuza! Mchango wangu haujaliwa. Uko vilevile. Huyu Suhaila akiolewa, kesho, mwakani, nigongeeni mlango, na nsipogongewa nakuja mwenyewe."

Watu wakalifikiri lile neno. Kisha mwanamke mmoja wa mbele akainua mkono.

"Kweli, hata mimi sikula. Nilikuwa natembeza maji ya kunawa."

"Na mimi sikula, nilikuwa nimefunga."

"Siku ile mimi jino liliniuma, nilikuwa naangalia tu."

Mjomba Mselem akasimama kwenye mkeka wa wanaume, akakohoa.

"Mimi mnanijua," akasema. "Mimi sikuchanga kitu, nilisema. Ila kama kuna mtu alileta kuni, basi mwenye kuni naye hakuonja hata tonge, na kuni zake bado zipo."

"Ayubu," Suhaila akasema polepole. "Wengine hawakuuona mwisho. Hebu rudisha nyuma, tuanzie kwenye harusi."

Ayubu akarudisha. Shuka likaangaza, na noti zikiwa bado zinaning'inia juu yake wakatokea wote, wakubwa kuliko umbo lao: aliyekuwa anatembeza maji, mdomo umejaa, aliyekuwa amefunga, anaongezewa kachumbari, mwenye jino, anavunja mfupa. Katikati kabisa, kwenye upana wote wa shuka, mjomba Mselem alikuwa ananyonya paja la kuku, macho ameyafumba.

Mjomba aliitazama picha yake mpaka ikapita.

"Si mimi huyo," akasema, akakaa.

Bi Mwanakhamis alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Machozi yalipomtoka hakuyafuta. Bi Samiha alisogea kwenye mkeka, akapigapiga nafasi iliyobaki pembeni yake, kule mbele, walikokaa waliochanga. Bi Mwanakhamis akavua viatu, akapita katikati ya watu, akaenda kukaa.